Uzushi ulivyopimwa: mbele ya wachunguzi wa Languedoc, karne ya 13 na 14

Katika Kanisa la zama za kati, mtu aliyekosea jambo la imani hakuitwa mzushi papo hapo. Sheria za Kanisa, alizozikusanya Gratian mjini Bologna mnamo 1140, zilitenganisha kosa na ukaidi. Mkulima aliyeshika fundisho potofu kwa kutojua alipaswa kuelekezwa. Uzushi ulianza pale alipoonyeshwa kosa lake akaling'ang'ania. Hata neno la Kigiriki lililozaa jina hilo, hairesis, lina maana ya kuchagua. Msomaji asiposhika tofauti hiyo, hatazielewa kumbukumbu za mahakama za uchunguzi wa imani za Languedoc, kusini mwa Ufaransa.

Vita vya msalaba vya 1209 hadi 1229 viliwavunja nguvu mabwana wa kusini mwa Ufaransa, lakini imani ya Wakathari, kundi lililopinga Kanisa, ilijificha majumbani na haikufikiwa kwa upanga. Ndipo mwaka 1233 Papa Gregori IX akawakabidhi Wadominiko, shirika la watawa wahubiri, kazi ya uchunguzi.

Mchunguzi alianza kwa mahubiri ya hadhara, kisha akatangaza muda wa neema, kwa kawaida kati ya siku 15 na mwezi mmoja. Aliyejitokeza mwenyewe na kuungama yote aliepuka kifungo. Muda ukiisha, watu waliitwa kupitia kwa paroko. Kila mmoja aliapa kusema kweli juu ya nafsi yake na juu ya wengine, walio hai na waliokufa. Kisha yakaja maswali: uliwaona wazushi? Wapi, lini, ukiwa na nani? Uliwapigia magoti? Ulikula mkate waliobariki? Uliwapa chakula au malazi?

Karibu yote ni maswali ya matendo, si ya mafundisho, na sababu iko wazi: goti lililopigwa lina shahidi, imani ya moyoni haina. Mwaka 1245 na 1246, wachunguzi Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre waliwahoji hivyo zaidi ya watu 5,000 mjini Toulouse. Ndiyo maana majibu yanafanana mno. Wengi hukosea hapa, wakadhani kufanana huko ni ushahidi wa kanisa la siri lenye kanuni moja, kumbe mara nyingi ni alama ya maswali yenyewe. Isitoshe, shahidi alisema Kioksitani, lugha ya wenyeji wa huko, karani akaandika Kilatini. Na wale tunaowaita leo Wakathari, majirani zao waliwaita tu "watu wema".

Kiapo peke yake kiliweza kumwangamiza mtu. Wavaldo, kundi jingine lililohesabiwa kuwa la wazushi, walilishika neno la Kristo "msiape kabisa" kama lilivyo. Wawili kati yao, Raymond de la Côte na Agnès Francou, walikataa kuapa mbele ya Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, naye akawasihi tena na tena. Wakachomwa moto mwaka 1320. Fournier alikuja kuwa Papa Benedikto XII.

Hata hivyo moto haukuwa adhabu ya kawaida. Kati ya watu zaidi ya 600 waliohukumiwa na Bernard Gui, mchunguzi wa Toulouse, takriban 40 walikabidhiwa wakiwa hai kwa serikali ili wachomwe, hasa wakaidi na walioirudia imani waliyoikana. Wengi zaidi walifungwa, walitumwa kuhiji, au walivishwa misalaba miwili ya kitambaa cha njano, kifuani na mgongoni: mkono mmoja wa msalaba shibiri mbili na nusu, wa pili shibiri mbili, upana vidole vitatu. Aliyeivaa alidharauliwa na hata kazi akaikosa, ndiyo maana wengine waliivua kwa siri na kujiongezea hatia.

Waliokufa nao walishtakiwa. Wakipatikana na hatia, mifupa yao ilifukuliwa na kuchomwa, na mali ikataifishwa mikononi mwa warithi. Kwa hiyo shahidi aliyetaja jina la marehemu akidhani hamdhuru mtu, aliwapokonya watoto wa marehemu huyo shamba.