Maziwa hayaondoi klorofomu: dhana potofu kuhusu kemikali za maabara ya chuo

Kuanzia Njoro hadi Kisumu na Kakamega, mengi anayojua mwanafunzi kuhusu usalama wa maabara huyapata kwa mdomo: aliyemtangulia humwambia, naye humwambia anayemfuata. Mengine ni ya kweli. Haya hapa si ya kweli, na yanaumiza watu.

Dhana: Ukivuta mvuke wa kemikali, kunywa maziwa.

Hii imeenea kuliko zote, hata kwa wapaka rangi na wachomeleaji vyuma. Mvuke wa klorofomu, kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine, huingia mapafuni na kufika kwenye damu mara moja. Maziwa huenda tumboni. Havikutani popote. Tena aliyekunywa pakiti ya maziwa hujiona amekingwa, akarudi palepale penye mvuke. Mtoe nje penye hewa safi, mketishe, kisha apelekwe hospitali na jina la kemikali likiwa limeandikwa kwenye karatasi.

Tahadhari zaidi na ile gesi ya kahawia, naitrojeni daioksidi, inayotoka asidi kali ya naitriki inapokutana na shaba. Aliyeivuta anaweza kujisikia mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajaanza kujaa maji. Huyo asiachwe akalale hosteli peke yake, hata akisisitiza kwamba yuko sawa.

Dhana: Pua itakuonya mapema.

Salfidi ya haidrojeni hunuka kama yai viza hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni, hupoozesha neva za kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha wakati ndiyo imezidi. Klorofomu nayo, ukianza kuisikia harufu, tayari imepita kiwango kinachopendekezwa kwa mtu anayefanya kazi nayo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone na vumbi. Mvuke hupita.

Kinachotegemewa ni kabati la kufyonza mvuke, tena likiwa linafanya kazi kweli. Kabla ya kuanza, ning'iniza ukanda wa karatasi ya shashi kwenye mdomo wake. Usipovutwa kuelekea ndani, usianze. Fanya kazi angalau sentimita 15 ndani ya ukingo, kioo kikiwa kimeshushwa chini ya kidevu chako. Chupa zilizorundikwa nyuma huziba njia ya hewa, kwa hiyo kabati hilo si stoo.

Stima ikipotea, feni husimama na mvuke hurudi usoni mwako. Funika vyombo, zima swichi ya jiko la umeme, shusha kioo hadi chini, toka. Swichi isisahaulike: stima ikirudi saa moja baadaye, jiko litawaka peke yake chini ya kiyeyushi ambacho hakina mtu wa kukiangalia.

Dhana: Etha haina neno, mradi hakuna moto karibu.

Vitabu husema etha, kiyeyushi kinachowaka upesi, huchemka kwa nyuzi 34.6, lakini hiyo ni kwa usawa wa bahari. Kisumu iko kwenye mita 1,100 na ushee, na hapo etha huchemka karibu na nyuzi 31. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni kama 28 au 29. Mchana wa jua Kisumu joto hufika 30, kwa hiyo chupa iliyo kwenye rafu karibu na dirisha inakaribia joto la kuchemka ikiwa imefungwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili. Hutambaa juu ya meza, ukashuka sakafuni, na huweza kuwaka kwa kugusa bamba la jiko la umeme lenye nyuzi 180, bila mwali wowote.

Kuiweka kwenye friji ya nyumbani ni hatari nyingine, maana taa na swichi ya joto zilizo ndani hutoa cheche. Tumia friji iliyotengenezwa kwa vimiminika vinavyowaka. Isipokuwepo, nunua chupa ndogo za kutosha kazi iliyopo.

Etha pia hujitengenezea peroksidi zinazolipuka ikikutana na hewa na mwanga. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa yenyewe, na pima peroksidi kila baada ya miezi 3. Ukiona fuwele nyeupe kwenye kizibo, usikizungushe wala usiisogeze chupa. Funga chumba, uite msimamizi wa usalama.

Dhana: Asidi ikikumwagikia mwilini, izime kwa magadi.

Magadi ni ya asidi iliyomwagika sakafuni. Kwenye ngozi, kuizima asidi huzalisha joto linaloongeza kuungua. Mwilini tumia maji mengi, kwa dakika 15, huku nguo zilizolowa zikivuliwa bila kuona haya. Macho vilevile. Beseni la kuoshea macho hutoa takriban lita 1.5 kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 ni lita 22 na nusu. Mfereji ukikauka, mtungi mmoja wa lita 20 hautoshi. Weka miwili yenye mabomba, na maji yake yabadilishwe kila wiki. Asidi ya haidrofloriki ina utaratibu wake: maji kwanza, kisha jeli ya kalsiamu glukoneti. Kama jeli haipo, chupa hiyo isifunguliwe.

Dhana: Glavu ni glavu.

Mwaka 1996 mwanakemia Karen Wetterhahn wa Marekani alidondokewa na matone machache ya zebaki ya dimethili juu ya glavu za mpira. Yalipenya, na Juni 1997 akafariki. Daiklorometheni, ambayo ni ya kawaida kwetu, hupita glavu nyembamba za nitraili ndani ya dakika chache. Soma hati ya usalama ya kemikali husika, na ukidondokewa vua glavu papo hapo.

Dhana: Kidogo tu, mwaga sinkini ukifuatisha maji.

Chukua kipimo kinachofanywa sana kwenye sampuli za ziwa na mito: kuchemsha maji na daikromati kwa nyuzi 150, saa 2, ili kujua uchafu wa kikaboni. Kijaribio kimoja, yaani kichupa cha kipimo cha mililita 7.5, hubaki na miligramu 34 hivi za zebaki, pamoja na kromiamu na fedha, zote kutoka kwenye kemikali za kipimo chenyewe. Vijaribio 60 vya somo moja ni gramu 2 za zebaki. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki humo.

Kusanya taka hiyo kwenye chombo chake, na usiichanganye na nyingine. Hasa, asidi ya naitriki isiingie kamwe kwenye chupa yenye ethanoli au asetoni. Mchanganyiko huo unaweza kukaa kimya kwa saa nyingi, kisha ukatoa gesi na kuipasua chupa iliyokazwa kizibo usiku. Osha chupa kabla ya kuitumia kwa taka, ng'oa lebo ya zamani, andika yaliyomo na tarehe, ijaze robo tatu tu, na uikabidhi kwa msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.