Nishati jadidifu si lazima iwe nishati safi

Nishati jadidifu ni ile ambayo chanzo chake hujirudisha ndani ya muda wa maisha ya binadamu. Jua huchomoza kila siku, upepo huvuma, mvua hujaza mito, na mti uliokatwa unaweza kuchipua. Nishati ya kisukuku inatokana na mabaki ya mimea na viumbe vya majini vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, vikagandamizwa na kupata joto hadi vikawa makaa ya mawe, mafuta au gesi asilia. Tukiichoma tumeimaliza. Tena kaboni iliyokuwa imefungiwa chini miaka yote hiyo inapanda hewani na kuzidi kuipasha dunia joto.

Basi neno jadidifu linajibu swali moja tu: chanzo hiki kitaisha au kitarudi? Halisemi kama kina moshi, kama kitapatikana usiku unapokihitaji, wala nani ataumia kinapozalishwa.

Chukua mkaa. Unatokana na mti, na mti huota, kwa hiyo kimsingi mkaa ni jadidifu. Lakini tanuri la kienyeji, lile la kupanga magogo na kuyafunika kwa majani na udongo, hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Msitu ukikatwa kwa kasi kuliko unavyoota, ujadidifu huo unabaki kwenye makaratasi. Halafu kuna jikoni. Jiko la mkaa likiwaka chumba kikiwa kimefungwa, hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala na jiko ndani wasiamke.

Gesi ya mtungi, kwa upande wake, ni ya kisukuku kabisa. Inatokana na mafuta ghafi na gesi asilia. Hata hivyo mpishi anayeitumia havuti moshi, na hakuna mti uliokatwa. Ndiyo maana Tanzania imeiweka ndani ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Kikwazo kikubwa ni namna ya kulipia: mkaa unanunulika kwa kopo, wa kupikia leo tu, wakati mtungi ukiisha unadai hela nyingi kwa mkupuo, na mama lishe mwenye mtaji wa siku moja hana pa kuitoa.

Umeme wa maji nao una gharama zake, na sijui mfano unaoeleza hilo vizuri kuliko mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Chini ya maporomoko ya mto huo aliishi chura mdogo wa njano, asiyefika urefu wa kidole gumba, anayezaa badala ya kutaga mayai. Hakupatikana penginepo duniani. Maisha yake yote yalitegemea rasharasha za maji ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, rasharasha zikapungua na makazi yake yakakauka. Vikafungwa vinyunyizio vya maji, lakini ugonjwa wa ukungu wa ngozi nao ukawakumba, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalimika kwa sababu vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Umeme ule haukutoa moshi, ila spishi nzima nusura ipotee.

Kisha kuna ukame. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa, mito ilipungua na Tanzania ikaingia kwenye mgao wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi sana, lakini nalo linasubiri mvua kama mabwawa mengine. Jua huzama saa zile zile watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, na betri za kuhifadhi umeme wake bado ni gharama. Upepo wa Turkana nchini Kenya ni wa uhakika zaidi, ila mitambo yake 365 ilikaa bila kuuza umeme hadi 2018 kwa kuwa njia ya kuusafirisha, ya zaidi ya kilomita 400, ilichelewa. Jotoardhi la Olkaria halijali mvua wala usiku; linapatikana tu mahali ambapo joto la ardhini liko karibu, na Bonde la Ufa limewapendelea Wakenya kwa hilo. Hata huko, familia za Wamasai zilihamishwa kupisha upanuzi.

Kwa sababu hizo sioni kosa mitambo ya gesi asilia ya Kinyerezi na Ubungo ikiendelea kuwepo kama akiba ya miezi ya ukame. Kwa umeme ule ule, gesi hutoa takriban nusu ya kaboni ya makaa ya mawe, mradi isivuje, maana methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja hupasha joto kuliko kaboni yenyewe. Makaa ya mawe kwa ajili ya umeme siwezi kuyatetea. Watu wa Lamu waliupinga mtambo uliokusudiwa kujengwa kwao, na mwaka 2019 baraza la kusikiliza rufaa za mazingira la Kenya likafuta leseni yake. Nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake ni jadidifu haikuwa na sababu ya kuwavutisha moshi huo.