Je, wajua? Panya wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba watatu

Ukikuta tundu la panya shamba lenye vitoto kumi na moja, usidhani wote ni wa baba mmoja. Panya huyu anayemaliza mahindi ya wakulima alipimwa vinasaba huko Morogoro, na ikaonekana kuwa jike hupandwa na madume kadhaa, na wote huweza kuchangia uzao uleule.

Inawezekanaje? Jike hupevusha mayai mengi kwa mpigo, na kila yai hurutubishwa na mbegu moja tu. Akipandwa na madume wawili ndani ya saa chache, mbegu zao hukutana tumboni mwake na kugombania mayai.

Madume hujitahidi kuzuia hilo. Sehemu ya manii huganda ukeni ikawa kizibo, ili anayefuata asipate njia. Lakini jike naye ana lake: kindi wa mitini wa Marekani wameonekana wakiking'oa kizibo kwa meno mara tu dume anaposhuka, na wengine hukila kabisa!

Kindi wa ardhini aina ya Belding, wa milima ya California, huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, saa chache tu za siku moja kwa mwaka. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 1981 ulikuta asilimia 78 ya mizao ina baba zaidi ya mmoja.

Faida yake nini? Mojawapo ni uhakika wa mimba. Kwa jamaa zao wa Arizona, aina ya Gunnison, waliopandwa na dume mmoja au wawili walizaa kwa asilimia 92. Waliofikisha watatu, wote walizaa.

Kwangu mimi, sababu nzito zaidi ni usalama wa watoto. Dume la panya mdogo wa nyumbani huua vitoto vya wenzake, mama arudi kwenye joto upesi. Ila akishapanda, baada ya wiki tatu hivi, muda wa mimba, ukali huo hupoa. Maabara ilipofupisha usiku na mchana kwa taa, dume alipoa mapema zaidi: anahesabu mapambazuko, si saa. Wala hatambui kitoto chake ni kipi. Kwa hiyo jike aliyepandwa na majirani watatu amewaanzishia wote watatu hesabu hiyo.