Kadi ya Utalii ya Jiji: Hesabu Huanzia Miguuni

Wiki chache zilizopita alifika barazani kwangu mwalimu mstaafu, mkazi wa Dunda hapa Bagamoyo, mkononi ana simu na daftari la mistari. Binti yake anaishi London na amemwalika kwa siku kumi. Nilimwamkia na kumkaribisha, lakini hata chai hakuitaka kwanza, alinifungulia ukurasa wa kadi ya utalii inayoahidi kumwingiza mwenye nayo katika makumi ya vivutio kwa malipo ya mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, kazi hii ni yako. Kadi hii niinunue au niiache?" Swali hilo huulizwa na karibu kila mtu ninayempangia safari ya nje. Nami, kwa kuwa ninawatembeza wageni katika mji huu mwaka hadi mwaka, nimefikia jibu ambalo ningependa kulieleza kwa kituo: thamani ya kadi haijulikani kwa kusoma orodha ya vivutio vyake, hujulikana kwa kuujua mwendo wa yule atakayeitumia.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, kwa sababu chini ya jina moja zinauzwa bidhaa tatu zisizofanana. Ipo kadi ya muda, ambayo hukufungulia milango yote iliyomo katika orodha yake kwa saa au siku ulizolipia. Paris Museum Pass ya saa 48, 96 au 144 ni ya aina hii, na London Pass vilevile. Ipo kadi ya idadi, ambapo unalipia vivutio kadhaa na kupewa muda mrefu zaidi wa kuvimaliza, kama CityPASS ya New York inayokupa siku 9 tangu mlango wa kwanza. Ipo pia kadi ya usafiri yenye punguzo, mfano Berlin WelcomeCard, ambayo kazi yake hasa ni nauli ya treni na mabasi, na milangoni hukupunguzia sehemu tu ya kiingilio. Anayenunua hii ya tatu akidhani ni ya kwanza hulipa mara mbili, tena hugundua kosa akiwa tayari kwenye foleni.

Sasa nirudi kwenye mwendo, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Siku yangu ya kazi huanza saa tatu asubuhi kule Misheni, kwenye makumbusho ya Kanisa Katoliki na mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Hapo wageni huuliza maswali bila kuchoka, hugusa gome la mbuyu uliopandwa na wamisionari mwaka 1868, na husoma kila maelezo yaliyobandikwa ukutani. Baadaye tunaingia mjini, tunapita Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe na Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897. Maswali yanapungua, lakini macho bado yapo kazini. Magofu ya Kaole yako kilomita kama 5 kusini mwa mji, na mgeni anayefikishwa huko saa tisa alasiri, kikiwa kituo cha nne cha siku, nimemwona mara nyingi mno. Ninasimama naye mbele ya kaburi la mnara, ninamwonyesha vishimo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, naye anaitikia kwa kichwa huku macho yake yanatafuta kivuli. Msikiti ambao historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 13 umekuwa mbele yake, naye hakuuona. Mgeni yuleyule nikimpeleka Kaole asubuhi ya siku ya pili, hukaa saa nzima, hupapasa mawe ya matumbawe kwa kiganja, na huomba tuzunguke tena.

Kutokana na hayo ninashikilia kwamba mtu mzima mwenye afya njema huweza kutazama kwa makini vituo vikubwa viwili kwa siku, pamoja na kidogo kimoja akijaliwa. Katika jiji kubwa idadi hiyo haiongezeki, kwa sababu kati ya kituo na kituo kuna ngazi za treni ya chini ya ardhi, ukaguzi wa mizigo, kutafuta choo, kutafuta chakula, na kwa wengi wetu kutafuta mahali pa kuswali. Mtangazaji wa kadi huonyesha mfano wa mtu anayeingia milango mitano kwa siku, akaonyesha na kiasi alichookoa. Mtu huyo anawezekana, sikatai, ila mimi nimewaongoza watu wa kila umri na sijakutana naye akiwa bado ana hamu ya kutazama kwenye mlango wa tano.

Hesabu yenyewe ni fupi. Andika majina ya mahali ambapo ungekwenda hata kama kadi isingekuwepo duniani, kisha jumlisha viingilio vyake kama vilivyo kwenye tovuti ya kila mahali wakati huo, kwa sababu bei hupanda na kushuka kwa msimu. Tuseme, kwa mfano tu, kadi ya siku 2 inauzwa euro 80 na wastani wa kiingilio cha unakotaka kwenda ni euro 18. Ukiingia mara 4 ungelipa euro 72, kwa hiyo kadi imekula euro 8 zako; ukiingia mara 5 ungelipa euro 90, nawe umeokoa euro 10. Kabla ya kuzifurahia euro 10 hizo, jiulize kama hicho kituo cha tano kilikuwa katika orodha yako ya mwanzo, au umekiongeza ili kadi ijilipe. Mara nyingi kimeongezwa. Hapo fedha haijaokolewa. Imenunua uchovu wa saa mbili.

Jambo linalowaponza wengi ni namna muda unavyohesabiwa. Kadi ya Paris huhesabu saa mfululizo tangu mlango wa kwanza, wakati London Pass huhesabu siku za kalenda, yaani ukiianzisha saa tisa alasiri umeitumia siku nzima ingawa umebakiwa na saa mbili tu kabla ya milango kufungwa. Mimi mwenyewe niliteleza katika hili. Nilifika Paris siku ya Jumatatu, nikaianzisha kadi ya saa 48 saa nane mchana, sikuwa nimezingatia kwamba makumbusho ya Orsay na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu, na makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne. Tena sikujua wakati ule kwamba mwenye kadi bado hutakiwa kuweka nafasi ya saa maalumu ya kuingia Louvre, na nafasi za Jumatano asubuhi zilikuwa zimejaa. Muda uliisha Jumatano saa nane mchana nami nimesimama uani, ile piramidi ya kioo mbele yangu, sikuingia. Louvre ndiyo iliyonifanya ninunue kadi ile. Tangu hapo simpangii mtu safari bila kuandika siku za kufungwa kando ya kila jina, na nafasi zinazohitaji kuwekwa mapema naziweka kabla ya kugusa kadi yoyote.

Kuhusu foleni nitasema kwa ufupi: kadi hukuepusha na foleni ya kukata tiketi, haikuepushi na foleni ya ukaguzi wa usalama, na hii ya pili mara nyingi ndiyo ndefu.

Lipo swali lingine ambalo wageni wangu hawaliulizi kabisa, nalo ni mlango ni wa nani. Hapa kwetu Bagamoyo tunaliona wazi: makumbusho ya Misheni ni ya Kanisa, Kaole iko chini ya serikali, na anayelipa hapa hajalipa kule, hata kama vyote viwili vinasimulia historia ya mwambao mmoja. Huko ng'ambo ni vilevile, na ndiyo sababu kivutio mashuhuri kuliko vyote huweza kukosekana katika kadi yenye jina la jiji. Mnara wa Eiffel una usimamizi wake chini ya jiji la Paris, kwa hiyo haumo katika Paris Museum Pass. Roma Pass ya saa 72 hukuingiza bure mahali pawili pa mwanzo na kukupa usafiri wa umma, lakini Makumbusho ya Vatikani hayamo, kwa kuwa Vatikani ni dola inayojitegemea. Istanbul, kadi ya makumbusho ya siku 5 hukuingiza katika makumbusho kadhaa, ila birika kuu la kale la maji lililo chini ya ardhi hulipiwa peke yake, na Hagia Sophia, tangu Januari 2024, hutoza watalii kiingilio chake yenyewe. Msikiti wa Sultan Ahmed ulio jirani hauna kiingilio kabisa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Berlin. Mtanzania anayefika huko, nami humhimiza kila ninayempangia, aende akaone mifupa ya yule dinosaria mkubwa aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye amesimamishwa ukumbini kwa kimo cha mita 13 na ushei. Wengi hununua tiketi ya pamoja ya Kisiwa cha Makumbusho wakidhani yumo humo. Hayumo. Yuko Museum für Naturkunde, mtaa mwingine, taasisi nyingine, kiingilio kingine. Inaniuma kufikiri mtu wa Lindi anaweza kurudi nyumbani bila kumwona kwa sababu ya kuiamini tiketi isiyomhusu.

London yenyewe ina tabia yake inayobadili hesabu yote, kwa sababu makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio. Yale yaliyokuwa yakitoza yaliacha Desemba 2001. British Museum, Natural History Museum, National Gallery na Tate Modern unaingia bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Paris nako, watoto walio chini ya miaka 18 huingia bure Louvre, Orsay na Versailles, wa taifa lolote, kwa hiyo mzazi asiwanunulie kadi kwa mazoea ya kununua tiketi za familia nzima.

Nisije nikaonekana ninaikataa kadi kwa kila mtu. Mwaka juzi nilimshauri kijana mmoja mpenda sanaa ainunue ile ya Paris ya saa 96, kwa sababu orodha yake ya mwanzo, kabla hata hajaisikia kadi, ilikuwa na Louvre, Orsay, Versailles, Sainte-Chapelle, Panthéon na Arc de Triomphe. Vituo sita kwa siku nne ni mwendo wa kibinadamu. Kadi ilimpa na kitu kingine ambacho hesabu haikionyeshi: uhuru wa kuingia mahali padogo kwa nusu saa na kutoka bila kujutia kiingilio. Kwa mtu wa namna hiyo, nitasema inunuliwe bila kusita.

Kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania kuna tahadhari moja ambayo waandishi wa Ulaya hawana sababu ya kuiandika. Kadi isinunuliwe kabla ya viza kutolewa, na masharti ya kurudishiwa fedha yasomwe mpaka mwisho. Viza ya Uingereza haikufikishi Ufaransa. Nchi za Schengen, Ufaransa ikiwemo, zina viza yao, hivyo ile ndoto ya kupanda treni kutoka London kwenda Paris kwa siku mbili ipangwe miezi kabla au iachwe. Nimeshamwona mtu ana kadi za majiji mawili na viza ya moja.

Basi nilimwomba mwalimu afungue daftari lake aandike majina bila kutazama simu. Aliandika matano. La kwanza lilikuwa Westminster Abbey. Alisomesha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wake jinsi Chuma, Susi na wenzao walivyoubeba mwili wa Livingstone kwa miezi, zaidi ya kilomita 1,500, hadi hapa Bagamoyo, kabla haujavushwa bahari na kuzikwa katika kanisa hilo tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe la kaburi linakiri kwamba aliletwa na mikono ya watu waaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. "Mwanzo wa njia nimeuona maisha yangu yote," aliniambia, "nataka nione ulipoishia." Mengine yalikuwa British Museum, Natural History Museum, Tower of London, na mto Thames wenyewe.

Katika matano hayo, yenye kiingilio ni mawili tu, Abbey na Tower of London, na yote mawili hupunguzia wazee. Hata yakiwa katika orodha ya kadi, milango miwili haiwezi kuilipa kadi ya siku tatu. Tulikubaliana anunue tiketi hizo mbili pekee, na nauli za mjini alipe kwa kugusisha kadi ya benki, kwa kuwa mfumo wa London huweka ukomo wa makato ya siku. Nikamtahadharisha asiende Abbey siku ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo ni ya ibada na watalii hawaruhusiwi kuzunguka makaburini. Aende siku ya kazi, asubuhi mlango unapofunguliwa, na siku hiyo asipange kitu kingine. Aliandika "Jumanne, Abbey" kwenye mstari wake, akapiga mstari chini, ndipo akaomba chai.