Taimu surippu: msichana wa leo ndani ya dola ya kale

Msichana wa miaka 15 amefaulu mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na kijana aliyekuwa anamtazama kwa pembeni naye kaanza kumtazama. Mambo yamenyooka. Shida ni maji. Kila anapoyasogelea, mikono inachomoza na kutaka kumshika, hadi siku moja inampata kwenye kidimbwi barabarani na kumvuta chini mzimamzima. Anapoibuka yuko kwenye mji wenye kuta za mawe na askari wanamkimbiza. Mji huo ni Hattusa, makao makuu ya dola ya Wahiti, karne ya 14 Kabla ya Kristo.

Ndivyo inavyoanza Sora wa Akai Kawa no Hotori, manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, ya Chie Shinohara iliyotoka Japani kuanzia 1995 hadi 2002, ikajaza juzuu 28. Wanaosoma kwa Kiingereza wanaijua kwa jina la Red River. Msichana anaitwa Yuri, na kilichompata ndicho Wajapani wanachokiita taimu surippu.

Maneno yenyewe ni ya Kiingereza yaliyovalishwa matamshi ya Kijapani, kama sisi tulivyofanya na baiskeli: taimu ni wakati, surippu ni kuteleza. Hilo la kuteleza ndilo la kulishika. Shujaa wa hadithi hizi hapandi mtambo wowote, hakupanga safari, wala hana profesa wa kumweleza jinsi ya kurudi. Kateleza tu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Humu kuteleza ndiko kuanguka kwenyewe, tena kichwa chini miguu juu.

Watu wengi huichanganya na isekai, kwa kuwa siku hizi isekai zimejaa kila kona. Isekai ni "dunia nyingine". Mara nyingi mtu anafariki, anazaliwa upya kwenye ulimwengu uliobuniwa, wenye mazimwi na vyeo kama vya mchezo wa kompyuta, na mwandishi anapanga sheria anavyotaka. Kwenye taimu surippu dunia ni hii hii yetu. Mafarao ni wale wale, vita vilipiganwa kweli, na mwandishi akisema mfalme fulani alikufa kwa tauni, kuna mabamba ya udongo yenye maandishi ya kale ya kumhukumu.

Aina hii ina mizizi mirefu kwenye shojo, yaani manga zinazochapishwa kwenye majarida ya wasichana. Mama yao, kwa maoni yangu, ni Ouke no Monshou ya Chieko Hosokawa, iliyoanza 1976. Humo msichana wa Kimarekani, Carol, anayesoma elimukale Misri, anavutwa na laana ya kaburi la kifalme hadi Misri ya kale, na nywele zake za dhahabu zinawafanya watu waamini ni binti wa mungu wa Nile. Farao kijana anampenda, dada wa Farao anamchukia. Ukishasoma hiyo, utaiona mifupa yake katika nyingi zilizofuata: mgeni anadhaniwa ametoka kwa miungu, mtawala anampenda, na ndani ya jumba kuna mwanamke mwenye madaraka anayetaka afe.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Carol ameisoma Misri, anajua nani atamfuata nani kwenye kiti. Yuri hawajui Wahiti hata kidogo, na msomaji wake pia hawajui. Kwa wengi wetu huku Wahiti ni jina la kwenye Biblia: Efroni Mhiti aliyemuuzia Ibrahimu pango la kuzikia, na Uria Mhiti aliyewekwa mstari wa mbele ili Daudi abaki na mkewe. Uria anatokea baada ya Hattusa kuanguka na kuachwa mahame. Dola yenyewe, ile iliyokuwa ikishindana na Misri, ilisahaulika karibu kabisa. Uchimbaji mkubwa ulioanza 1906 huko Boğazkale, Uturuki ya leo, iliposimama Hattusa, ndio uliofukua maelfu ya mabamba yenye maandishi. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný, msomi wa Kicheki, akaifungua lugha yao kwa kuisoma sentensi moja inayosema, kwa maana, "sasa mtakula mkate na mtakunywa maji". Maji kwa Kihiti ni watar. Ukilitamka kwa sauti utasikia Kiingereza kinakuchungulia, na ndivyo Hrozný alivyojua anashughulika na lugha ya ukoo mmoja na Kiingereza.

Sasa tuje kwenye kiini. Ukisikia "manga ya mapenzi yenye uchawi", unaweza kudhani historia ni pambo tu, mavazi na nguzo. Hapa sivyo. Adui mkuu wa Yuri ni malkia Nakia, binti wa kifalme kutoka Babeli, mama wa kambo wa mwana wa mfalme anayeitwa Kail. Nakia ndiye aliyemvuta Yuri kwa uchawi wa maji. Anataka damu yake itumike kuwalaani wana wa wake wengine, ili mwanawe arithi kiti. Kail anamficha, kisha anatangaza kwamba huyu ni suria wake asiguswe. Unaweza kusema huyu mama wa kambo katoka kwenye ngano. La, katoka kwenye mabamba.

Wahiti walikuwa na cheo kiitwacho Tawananna, cheo cha malkia mkuu. Ajabu yake ni kwamba hakikuondoka na mume. Mfalme akifa, mjane wake alibaki kuwa malkia hadi naye afe, na mke wa mfalme mpya akasubiri. Fikiria nyumba ambamo baba amefariki, wewe ndiye mwenye kiti, lakini funguo za ghala na shughuli za ibada ziko kwa mama wa kambo, na huna ruhusa ya kumwambia akae pembeni. Suppiluliuma wa Kwanza alioa binti wa mfalme wa Babeli. Alipofariki, karibu 1322 KK, mrithi wake Arnuwanda naye hakudumu, tauni ikiwa imeingia nchini. Kiti kikamwangukia mdogo mtu, Mursili wa Pili. Mabamba yanamwonyesha Mursili akilalamika mbele ya miungu kwamba mjane wa baba yake anatapanya mali ya jumba na kwamba amemuua mkewe, Gassulawiya, kwa laana. Aliuliza kwa ramli, akapewa ruhusa ya kumuua. Hakumuua. Alimvua cheo na kumfukuza kwenye jumba.

Kail ndiye huyo Mursili.

Kwa hiyo mwandishi amechukua mfalme, ameichukua tauni, amemchukua na mama wa kambo, vyote kama vilivyo. Hata Kikkuli, mfunza farasi wa Mitanni, ufalme jirani, ambaye maelekezo yake ya kufunza farasi yalikutwa Hattusa, anapata nafasi ndogo kama mtumishi. Mahali alipojipa uhuru ni kwenye kiti cha mke, kwa sababu hapo mabamba yanasema machache. Ndipo alipomkalisha msichana wa Kijapani. Taimu surippu nzuri hufanya hivyo: haibomoi ukuta wa historia, inatafuta ufa na kupenya. Ile mbaya huweka simu mkononi mwa farao na kuita hiyo ucheshi.

Kwenye ufa huo mapenzi yanapata uzito ambao hadithi ya shule isingeupata. Swali la "ananipenda?" linaambatana na "nikibaki sitamwona mama tena". Katika hadithi hii kurudi kuna masharti, na moja ni la angani: uchawi unafanya kazi majira ambayo nyota ya alfajiri inang'aa mashariki. Nyota hiyo ni Zuhura, na Zuhura ndiyo nyota ya Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, ambaye askari wanaamini Yuri ni umbo lake. Nyota inayoweza kumrudisha nyumbani ndiyo inayombatiza jina la kubaki. Mwishoni anabaki, tena kwa kutaka mwenyewe, na hapo anaacha kuwa mtu aliyeteleza.

Dosari zipo. Yuri anatekwa nyara mara nyingi mno. Kufika katikati unaanza kuhesabu. Karibu kila mwanamume mwenye upanga anamtaka, Ramses wa Misri akiwa mbele. Halafu kuna matukio ya kumshika msichana kwa nguvu yaliyochorwa kwa mtazamo wa miaka ya 1990, ambao leo unakera, na ndiyo maana sitampa mtoto wa darasa la sita.

Jina la hadithi, kwa tafsiri ya haraka, ni "Anga kando ya mto mwekundu". Mto upo. Waturuki wanauita Kızılırmak, maana yake hiyo hiyo, na unaizunguka nchi ya Hattusa kama mkono uliokunjwa. Ukiipata juzuu ya kwanza, ifungue kutoka kulia kwenda kushoto. Waliopita chuoni na msahafu hawatapata taabu. Wengine mtaanzia mwisho mara mbili tatu kabla ya kuzoea.