Ramani ya vitufe kwenye Linux

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa Mombasa ni mtumba wa Ulaya au Dubai, na kila moja huja na kibodi ya huko ilikotoka. Unashika Shift na kubonyeza 2 ukitaka ile @ ya barua pepe, inatokea alama ya kunukuu. Wengi huipeleka kwa fundi moja kwa moja. Hakuna kilichoharibika: mashine inatumia ramani ya Uingereza, na wewe umezoea ya Marekani.

Ramani ya vitufe ni jedwali linaloiambia kompyuta kila kitufe kina maana gani. Kibodi yenyewe haijui herufi. Ukibonyeza A, kinachosafiri ni namba tu. Kiini cha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, hukitambua kitufe hicho kama 30, mfumo wa X, unaoonyesha madirisha kwenye skrini, huongeza 8 kuwa 38, kisha XKB, sehemu yake ya kibodi, hufungua jedwali: 38 ni a ndogo, na Shift ikishikwa ni A kubwa. Maandishi yaliyochapishwa juu ya kitufe hayana kazi yoyote katika safari hiyo. Kwenye X, amri setxkbmap us huleta ramani ya Marekani papo hapo, na gb huleta ya Uingereza. Ipo hata ke, ya Kiswahili cha Kenya.

Ukishaelewa hivyo, unaweza kuokoa kibodi iliyokufa kitufe. Chukua A, herufi ambayo bila yake Kiswahili hakiandikiki. Kushoto kwake yupo jirani asiye na kazi nyingi, Caps Lock, ambaye kwa X ni namba 66. Andika kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri:

xmodmap -e "clear lock" -e "keycode 66 = a A"

Kidole kinasogea nafasi moja tu, na kazi inaendelea mpaka utakapopata kibodi nyingine. Uzuri wa amri hii kwa anayejaribu ni kwamba haidumu. Ukitoka kwenye akaunti na kuingia tena, kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa. Mimi humshauri kila anayeanza aanze na njia isiyodumu, kabla ya kugusa faili lolote la mfumo.

Ila matoleo mapya ya Ubuntu, moja ya aina za Linux, na ndugu zake hutumia Wayland, mfumo mpya wa kazi ile ile, badala ya X, na huko xmodmap na setxkbmap hazibadilishi programu zilizoandikwa kwa Wayland yenyewe. Lugha ya kibodi utaibadilisha kwenye mipangilio ya mfumo. Kwa kitufe kimoja kimoja napendelea keyd, programu ndogo inayosakinishwa kando na kufanya kazi chini kabisa, kabla namba haijafika kwa X wala Wayland. Faili lake la mipangilio ni /etc/keyd/default.conf:

[ids]
*

[main]
capslock = a

Hifadhi, kisha sudo keyd reload. Kwa kuwa keyd huwashwa pamoja na mfumo, kitufe kipya kinafanya kazi hata kwenye skrini ya kuingilia, jambo ambalo ni muhimu sana ikiwa nenosiri lako lina a ndani yake. Kama diski umeifunga kwa usimbaji, nenosiri lake huulizwa keyd ikiwa bado haijaamka. Hapo chomeka kibodi ya USB.