Aliyepona TB akikohoa, msikimbilie dawa za TB

Nimeletewa tena mgonjwa aliyeanzishwa dawa za TB kwa mara ya tatu. Kwenye kadi imeandikwa: aliwahi kuugua TB, anakohoa, picha ina madoa. Makohozi hayakupimwa. Maelezo haya nimeyasoma kwenye kadi nyingi mno, na sasa nasema wazi kwamba hayatoshi kumrudisha mtu kwenye dozi ya miezi 6.

Dawa huua vimelea, haziumbi mapafu mapya. Kovu la TB hubaki kwenye picha ya kifua maisha yote. Tafuta picha ya zamani, ziweke zote mbili kwenye mwanga. Kama madoa ni yale yale, hayo ni makovu mpaka makohozi yaseme vingine.

Kinachomkohoza ni nini basi? Mara nyingi ni njia za hewa zilizotanuka na kulegea, ambamo makohozi hutuama na kuoza. Mwulize anatoa kiasi gani asubuhi: atakwambia nusu kikombe, ya kijani, miaka nenda miaka rudi. Weka stethoskopu mgongoni palipokuwa na ugonjwa, utasikia mikoromo mizito inayohama akishakohoa. Mwingine ana tundu la zamani ambalo fangasi wa Aspergillus wamejijengea donge ndani yake, naye anakohoa damu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, haimsaidii kitu huyo. Mwingine njia zake za hewa zimebana, na kipimo cha kupuliza kingeonyesha hivyo kwa dakika chache.

Sasa nije kwenye GeneXpert, maana hapa ndipo tunapobishana kila wiki. Mashine hiyo husoma vinasaba vya kimelea, na haiulizi kama kimelea kiko hai. Mtu aliyepona anaweza kuendelea kutoa mabaki ya vimelea vilivyokufa kwa miezi, hata miaka. Hadubini huhitaji kama vimelea 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndipo ivione. Toleo jipya la kipimo cha GeneXpert, liitwalo Ultra, hunasa hata vimelea 16 hivi. Ni faida kubwa kwa mtoto au mwenye VVU, na kwao jibu la "chembe kidogo mno" nalichukulia kuwa TB. Kwa aliyemaliza dozi mwaka jana, jibu hilo hilo ni swali. Peleka makohozi yakaoteshwe maabara, tuone kama kuna vimelea hai vinavyokua.

Kuotesha huchukua wiki kadhaa, na hapa sina uhakika ambao vitabu vinajifanya kuwa nao. TB inayorudi hurudi zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, yaani kipindi kile kile ambacho mabaki nayo yangalipo. Mgonjwa akipungua uzito, akitokwa na jasho usiku, huwa naanza dawa kabla ya jibu. Akipata nafuu, bado sijui. Watu husema "si umeona, dawa za TB zimemsaidia!" Jamani, rifampisini huua bakteria wengi wengine, pamoja na wale waliotuama kwenye njia za hewa zilizotanuka. Nafuu hiyo haithibitishi TB hata kidogo.

Na dawa hizi si peremende. Isoniazidi na pirazinamidi zinaweza kuharibu ini, na mtu huyu atazibeba bure huku ugonjwa wake halisi ukisonga mbele.

Simwambii mtu apuuze kikohozi. Aliyewahi kuugua yumo hatarini zaidi kuugua tena, kwa hiyo makohozi yapimwe kila mara, na VVU pia. Ninachokataa ni kuruka kipimo.

TB inapopungua mjini, foleni ya wagonjwa wa kifua haipungui kwa kasi hiyo. Wanabaki waliopona wenye makovu, wavutaji sigara waliozeeka, waliopika kwa kuni miaka mingi, waliopasua mawe na kuvuta vumbi lake. Rejista yetu ina safu ya "amepona", na baada ya hapo mtu hana pa kuandikwa. Akirudi anakohoa, mlango pekee anaoujua ni ule wa kliniki ya TB, na kliniki ya TB ina dawa za TB.

Ningependa siku ya kumaliza dozi kila mgonjwa apigwe picha ya kifua, apulize kipimo, na akabidhiwe majibu yote mawili aende nayo nyumbani. Daktari atakayemwona miaka 5 baadaye atakuwa na cha kulinganisha.